Mizani ya jikoni ya shilingi 22,000 na achari zinazoharibika: niliyoyaona baada ya kuitumia Kigoma

Wenye haraka nawapa jibu kwanza. Kama unatengeneza achari nyumbani na una 22,000 ya kutoa, nunua mizani kabla ya chupa mpya na kabla ya viungo vya bei mbaya. Yangu niliinunua hapa Kigoma, kwenye duka la vyombo karibu na soko la Mwanga. Muuzaji alianzia 28,000, tukapatana. Ni ile bapa ya plastiki nyeupe yenye kioo kidogo mbele. Inabeba hadi kilo 5, inasoma gramu mojamoja, na inatumia betri mbili ndogo kama za rimoti. Jina la kampuni halipo na karatasi ya maelekezo ni ya Kichina. Nimepita nayo msimu mzima wa maembe na sasa niko kwenye ndimu na matango, kwa hiyo uzuri wake naujua na ubaya wake naujua.

Natengeneza achari ya embe, ya ndimu, ya kabichi na karoti, na matango ya maji ya chumvi. Nyingi tunaila wenyewe, nyingine naagizwa na wenye shughuli, hasa Ujiji, ambako pilau ya harusi ikikosa achari wageni wataisema mpaka mwaka wa pili. Kwa sababu hiyo majirani huniletea chupa zao zilizoharibika. "Dada, hebu itazame hii, imekuwaje?" Mimi huuliza kwanza: chumvi ulipima kwa kitu gani? Jibu karibu kila mara ni kijiko.

Kijiko kinapima nafasi, hakipimi uzito, na hapa kwetu chumvi si ya aina moja. Ipo chumvi laini ya paketi, na ipo chumvi ya Uvinza ya punje kubwa inayouzwa kwa kopo sokoni. Nilijaza kijiko kilekile cha chakula, nikakisawazisha kwa kisu, nikamwaga kwenye mizani. Chumvi laini ilisoma gramu 18. Ya Uvinza niliyokuwa nayo ilisoma 13, maana kati ya punje na punje kuna hewa. Sasa chukua yale maelekezo ya kwenye simu yanayosema vijiko vitatu kwa lita ya maji. Mwenye chumvi laini ametia gramu 54, mwenye ya Uvinza ametia 39. Wa kwanza maji yake yamevuka asilimia 5, wa pili hajafika 4. Wote wawili watakuapia kwamba walifuata maelekezo, na wote wanasema kweli.

Chumvi ya Uvinza siisemi vibaya, ndiyo ninayoitumia na ndiyo nitakayoendelea nayo. Uvinza iko kwenye reli, kati yetu na Tabora, na maji ya chumvi ya chemchemi zake yamepikwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Waliofukua pale miaka ya 1960 walikuta mabaki ya majiko ya zamani sana ya kuchemshia. Misafara ya karne ya 19 iliibeba chumvi hiyo kwenda mbali. Basi mapishi ya wazee wa Ujiji yalizaliwa na punje kubwa, yakapimwa kwa mkono, na mtu akiyafuata leo kwa chumvi laini ya dukani lazima atoke na kitu kingine. Wapo pia wanaoniuliza kama madini joto yanaharibu achari. Hayaharibu. Kinachosumbua kwenye baadhi ya chumvi laini ni ule unga unaotiwa ili zisigande: hauyeyuki wote, unaacha maji meupemeupe na mashapo chini ya chupa. Hiyo ni sura tu, ladha haiguswi.

Shangazi yangu wa Ujiji hapimi kwa chombo chochote, na achari yake ya ndimu ndiyo niliyokulia. Nilimwomba atie konzi yake ya chumvi ya Uvinza kwenye bakuli juu ya mizani. Ikasoma 41. Akarudia, 43. Akarudia tena, 40. Nilibaki nautazama ule mkono. Kisha nikampa chumvi laini ya paketi, konzi ileile ikasoma 57. Akaitazama namba, akasema, "Mwanangu, ndiyo maana ile ya Idi ilikuwa kali." Mkono wake haukukosea, chumvi ndiyo iliyobadilika bila yeye kuambiwa.

Hesabu yenyewe si ngumu, simu yako ina kikokotoo. Kwa matango ya maji ya chumvi, weka chupa tupu juu ya mizani, bonyeza kitufe cha kurudisha sifuri, panga matango, mimina maji mpaka yafunikwe, soma uzito wa vyote pamoja. Tuseme umepata gramu 1,100. Ukitaka asilimia 4, zidisha kwa 0.04, unapata 44. Mwaga yale maji kwenye bakuli, yeyusha gramu 44 za chumvi humo, rudisha kwenye chupa. Wengi wanapima maji peke yake na kusahau kwamba tango nalo ni maji matupu. Baada ya siku mbili chumvi imeingia ndani ya tango, maji ya tango yametoka nje, na kile ulichokiita asilimia 4 hakipo tena.

Sasa niende kwenye magonjwa yenyewe, nikianza na linaloniletea chupa nyingi kuliko yote: matango yaliyolainika. Unalibonyeza linaachia kama limechemshwa. Chumvi kidogo ni sababu, lakini kwa Kigoma joto ni sababu kubwa zaidi. Maelekezo mengi ya matango yameandikwa kwa nyumba zenye nyuzi 21 hadi 24. Ikivuka 27, tango linalainika kabla halijachacha vizuri, na nyumba zetu za bati mchana zinafika hapo bila shida. Mizani haipunguzi joto, ila inakuwezesha kupandisha chumvi kwa kiasi unachokijua. Mimi miezi ya joto naweka asilimia 5, miezi ya baridi kidogo, Juni na Julai, nashuka hadi 4. Chupa nazisimamisha sakafuni, chumba kisichopigwa na jua la mchana, ndani ya beseni lenye maji, nimezivika kitambaa kibichi kinachonyonya maji kutoka chini. Halafu naanza kuonja siku ya tatu, sisubiri wiki mbili za kwenye karatasi, maana kwa joto letu kazi inakwenda mbio. Likishafika uchachu ninaoutaka, chupa inaingia kwenye friji.

Kuna sababu nyingine ya ulaini ambayo wengi hawaijui na haigharimu senti. Kata ile ncha ya tango iliyokuwa na ua, siyo ya kikonyo, ile ya upande wa pili. Kipande chembamba tu, unene wa milimita mbili hivi. Pale kuna vimeng'enya vinavyolainisha nyama ya tango, na ukiviacha vinaendelea na kazi yao ndani ya chupa hata chumvi ikiwa sawasawa. Kama hukumbuki ni upande upi, kata pande zote mbili.

Tango lenye uwazi katikati halikuharibikia kwenye chupa. Lilikomaa mno shambani au limekaa sokoni muda mrefu. Unapoliosha, linaloelea weka pembeni uifanyie kachumbari.

Kusinyaa ni kinyume cha kulainika: ngozi imejikunja, ndani pamekauka. Hapa chumvi, sukari au siki imezidi mno kwa mara moja, tango limetolewa maji kabla halijapata nafasi ya kuyarudisha. Tangu nianze kupima sijaletewa swali hili na yeyote niliyempa namba zangu, na hapo ndipo naona mizani imelipa bei yake peke yake.

Kabichi inataka umakini kuliko tango kwa sababu haiongezewi maji, inatoa yake. Kilo moja ya kabichi iliyokatwakatwa na karoti naitia gramu 22 za chumvi, joto likizidi 25. Ukitia 10 kwa kuogopa presha, inateleza na kuvutika kama bamia, na harufu yake utaijua ukiwa mlangoni. Ukimwaga chumvi juu bila kuichanganya, sehemu moja inakuwa chungu ya chumvi na sehemu nyingine haina kitu. Rangi ya waridi inayotokea mahali pamoja kwenye kabichi mara nyingi ni hamira za porini zilizopata pale penye chumvi nyingi mno. Hiyo usiile. Dawa ni kuikanda kabichi kwa mikono mpaka itoe maji, na siyo kukanda kwa huruma.

Utando mweupe juu ya maji unawatisha watu na wanamwaga achari nzima. Tofautisha mambo mawili. Utando mwembamba, laini, mweupe usio na manyoya, unaokunjikakunjika kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, ni hamira inayopenda hewa. Haina sumu, lakini ukiiacha inakula asidi ya achari na kufungua mlango kwa mengine. Iengue, futa mdomo wa chupa, hakikisha kila kipande kiko chini ya maji. Manyoya, yawe meupe, ya kijani, meusi au ya buluu, ni ukungu, na ukungu una mizizi usiyoiona kwa macho. Hapo mwaga, osha chupa kwa maji yanayochemka, anza upya. Najua inauma, hasa ukikumbuka bei ya vitunguu saumu. Mwaga tu. Ili vipande visielee, mimi najaza maji ya chumvi ya asilimia ileile ndani ya mfuko safi wa plastiki wa chakula, naufunga, nauweka juu kama kizibo. Mfuko ukipasuka chumvi ndani ya chupa haibadiliki, na hilo nalo ni faida ya kujua namba yako.

Maji. Hili ni la kwetu Kigoma na sijaona maelekezo yoyote yanayolisema. Maji yetu ya bomba yanatoka Ziwa Tanganyika, na ziwa hili lina ugadi, yaani kinyume cha asidi. Kipimo chake cha pH kinakaribia 9 wakati maji yasiyo na upande wowote ni 7. Tena lina madini mengi. Kwa kunywa hakuna neno, lakini achari inaishi kwa asidi, na ugadi unaila ile asidi ya mwanzo ambayo ilipaswa kulinda chupa siku mbili za kwanza. Ongeza na dawa ya kusafishia maji, ambayo inawaua pia wale vijidudu wema tunaowategemea wachachushe. Mimi nachemsha maji robo saa, nayaacha yamefunikwa mpaka kesho yake, naengua kilichoelea, natumia ya juu tu na kuacha mashapo. Halafu natia gramu 15 za siki kwa lita, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chakula. Wenye matangi ya mvua mna bahati, chemsheni tu. Weupe wa maziwamaziwa kwenye maji ya matango yanayochacha usikusumbue, ndiyo kazi inafanyika. Ukitokea kwenye achari ya siki, iliyokuwa angavu jana, na maji yakaanza kutoa mapovu, hiyo imeharibika.

Nafika kwenye embe, ambako mizani imenisaidia kwa namna ambayo sikuinunulia.

Maembe yetu yanaanza kujaa wakati mvua nazo zimeanza. Achari ya embe ya kwetu inataka jua: vipande vinatiwa chumvi na manjano, vinalala usiku, vinachujwa, vinaanikwa kwenye ungo. Maelekezo yote yanasema "anika siku mbili". Siku mbili za wapi? Novemba Kigoma asubuhi kuna jua, saa nane limefunga, saa tisa unakimbia na ungo ndani. Watu wanahesabu siku, wanatia mafuta juu ya embe ambalo bado lina maji, na wiki ya tatu wananiletea chupa yenye ukungu wakisema mafuta yalikuwa mabaya. Mafuta hayana kosa. Unyevu ndio uliobaki.

Ninachofanya ni hiki. Napima vipande vikiwa vimeshamenywa na kutolewa kokwa, siyo embe zima, maana kokwa la dodo na la embe la kienyeji havilingani hata kidogo. Kwa kila kilo ya vipande natia gramu 150 za chumvi. Kesho yake nachuja maji, naanika, na kila jioni naweka ungo juu ya mizani. Uzito wa ungo mtupu nimeuandika kwa kalamu pembeni mwake. Vipande vilivyokuwa kilo moja vikishuka hadi karibu gramu 600, nimemaliza, iwe ni siku mbili au tano. Vinakuwa kama ngozi kwa nje, ukikunja havidondoshi tone. Wakati wa mvua za mfululizo namalizia ndani, juu ya waya karibu na jiko la mkaa lililobaki na joto, na chandarua juu kwa ajili ya nzi. Namba haijali kama ni jua au jiko.

Embe lenyewe mizani hailichagui. Chagua gumu, lenye nyama nyeupe au ya kijani hafifu, ambalo kokwa limeanza kushika lakini kisu bado kinapita kwa shida. Likishaanza umanjano ndani, litakuwa uji hata ulipe chumvi ya Uvinza nzima.

Mafuta sasa. Hapa Kigoma mawese ndiyo mafuta ya nyumbani, na nimeona chupa nyingi za achari ya mawese. Yana ladha nzuri, nayapenda kwenye maharage na kwenye mgebuka. Kwa achari hayafai, na sababu yake ni ya joto: mawese yanayeyuka yote kwenye nyuzi kama 35, kwa hiyo usiku na asubuhi yanagandaganda ndani ya chupa. Yakiganda yanajivuta, yanaacha mifuko ya hewa kati ya vipande, na ukungu unakaa humo humo. Tumia alizeti. Ipashe mpaka ianze kutoa moshi mwembamba, iache ipoe kabisa, ndipo uimimine, ipite vipande kwa upana wa kidole. Siku zinazofuata embe litanyonya mafuta na kiwango kitashuka, ongeza. Uwatu, haradali na binzari nyembamba nazikaanga kavu na kuzisaga mwenyewe. Uwatu gramu 10 kwa kilo inatosha. Ikizidi, uchungu wake hauondoki hata kwa sukari.

Kuna jambo moja ambalo nalisema kwa ukali na sitanii. Mafuta hayaui vijidudu. Yanafukuza hewa tu, na wapo wanaopenda hasa mahali pasipo na hewa. Kitunguu saumu kibichi, pilipili mbichi au tangawizi iliyolowekwa kwenye mafuta bila siki wala chumvi ya kutosha, ikakaa kabatini, inaweza kutengeneza sumu ya botulinamu, ambayo haina harufu wala ladha ya kukuonya na inaua. Kinachomzuia mdudu huyo ni asidi ya kutosha, pH ya 4.6 kushuka chini. Kwa hiyo kitunguu saumu changu kinalala kwanza kwenye siki usiku kucha kabla hakijakutana na mafuta, na chupa ya pilipili ya mafuta inakaa kwenye friji. Mfuniko uliovimba, chupa inayoruka ukiifungua, usionje hata kwa ncha ya ulimi. Funga, tupa mahali ambapo watoto na kuku hawafiki.

Siki nayo mizani haiijui. Inaweza kukupimia nusu kwa nusu ya siki na maji vizuri kabisa, lakini haiwezi kukuambia siki hiyo ina nguvu gani. Soma lebo. Inayofaa kwa achari ni ya asilimia 5, na usiipunguze kwa maji kupita nusu kwa nusu. Chupa isiyo na maandishi, au ile inayojazwa upya mtaani kutoka kwenye dumu, ipeleke ikasafishe sinki. Nimeona kabichi za siki zilizooza ndani ya siku nne kwa sababu hiyo tu, mwenye kabichi akilaumu kabichi.

Anayetaka achari ya siki ikae miezi nje ya friji lazima azichemshe chupa zikiwa zimefungwa, zimezama kwenye maji. Hapo kuna jambo la mwinuko. Pwani maji yanachemka kwenye nyuzi 100. Sisi tuko mita 770 hivi juu ya bahari, na ndugu zangu wa Tabora wako karibu 1,200, ambako maji yanachemka kwenye nyuzi 96. Maelekezo ya matango ya siki yanayosema dakika 10 ni ya usawa wa bahari. Kigoma na Tabora zote ni 15.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Kitunguu saumu kikigeuka kijani au buluu kwenye siki, kula bila wasiwasi, ni vitu vyake vya salfa vimekutana na asidi. Achari ikiwa nyeusi na yenye ladha ya chuma, tazama sufuria: alumini na siki havipatani, tumia stili au kioo. Achari ya ndimu ikiwa chungu, bado changa, ipe miezi mitatu na uitikise kila asubuhi.

Turudi kwenye mizani yenyewe, maana ina kasoro na mnapaswa kuzijua kabla ya kutoa pesa.

Kubwa kuliko zote: inajizima baada ya dakika mbili hivi, na ikijizima inasahau sifuri yako. Uko katikati ya kupanga matango, umegeuka kumjibu mtoto, unarudi kioo kimezima na uzito wa chupa umepotea. Kwa hiyo kila chupa yangu ina uzito wake tupu ulioandikwa chini kwa kalamu ya wino usiofutika. Ya pili: ukimwaga chumvi taratibu, punje kwa punje, haisomi, inaona ni mtikisiko na kujirudisha kwenye sifuri. Mwaga kwa mkupuo mdogo, au inua bakuli uliweke tena, namba inakuja sahihi. Ya tatu: chini ya gramu 5 usiiamini. Kwa manjano na karafuu endelea na kijiko. Ya nne: kuna kitufe kinachobadilisha gramu kuwa aunsi, kimekaa palepale kidole kinapopita. Ukiona kilo ya kabichi inasoma 35, ndicho kilichoguswa.

Maji ya chumvi yanaiua. Naivika mfuko mwembamba wa plastiki unaopitisha namba, na mlango wa betri unatazama chini kwenye kitambaa kikavu. Feni ikipiga namba zinachezacheza, izime.

Unapoinunua, ijaribu palepale dukani. Chukua chupa tupu ya maji ya kunywa ya nusu lita, rudisha sifuri nayo juu, kisha iondoe uweke iliyojaa ya aina ileile. Ikisoma kati ya 495 na 510, chukua, maana chupa zenyewe hujazwa kwa kuzidi au kupungua kidogo. Dukani niliwekewa tatu. Moja ilisoma 463, nikairudisha na muuzaji akaiweka pembeni bila ubishi. Anayeuza achari kwa uzito asiitumie kumpimia mteja, mizani ya biashara inatakiwa ihakikiwe na Wakala wa Vipimo. Hii ni ya kupimia mapishi yako.

Kwa nani haifai? Kwa anayetengeneza chupa moja ya embe kwa mwaka na hajawahi kuharibikiwa, na kwa shangazi yangu, mradi asibadilishiwe chumvi. Wengine wote naona inawafaa, hasa wanaoanza, na hasa anayetaka kuuza, kwa sababu mteja anarudi akitaka ladha ileile ya mara ya kwanza. Betri za kwanza zilizokuja nazo hazikumaliza hata mwezi. Nimeweka za 2,000 kutoka duka la mtaani, na bado zinafanya kazi.